Je, Wajua? Meza ya Chozi katika Vibanja vya Bukoba na Muleba

Je, wajua kwamba hakuna kolibri hata mmoja anayeishi porini barani Afrika? Ndege hao wadogo wanaopiga mabawa kwa kasi hata jicho lisiyaone wana aina zaidi ya 350, na zote ni za Amerika, kuanzia Alaska kule kaskazini hadi Tierra del Fuego, ncha ya kusini kabisa. Kwa hiyo ukimwona ndege mdogo anayemetameta akichovya mdomo kwenye ua la mgomba pale Katerero, Kamachumu au uani kwako Bukoba mjini, huyo si kolibri. Ni chozi.

Wala si binamu yake. Ndugu wa karibu wa kolibri ni teleka, wale ndege wa angani wenye mabawa marefu yaliyopinda. Chozi yumo katika kundi la ndege waimbao, pamoja na shomoro, kwera na hata kunguru. Wamefanana kwa sababu wote wawili waliifuata sukari ya maua, kila mmoja katika bara lake, na kazi ile ile ikawachonga mwili unaokaribiana: umbo dogo, mdomo mwembamba uliopinda au kurefuka, ulimi wa ajabu, na manyoya yanayong'aa kama chuma kilichosuguliwa.

Je, wajua kwamba kolibri waliwahi kuishi upande wetu wa dunia? Mwaka 2004 mtaalamu wa visukuku Gerald Mayr alitangaza mabaki ya ndege wa jamii ya kolibri yaliyopatikana kusini mwa Ujerumani. Yana umri wa miaka zaidi ya milioni 30. Walitoweka huku, wakastawi kule ng'ambo.

Wengi wetu Afrika Mashariki tulimfahamu kolibri kwa kinywa cha Profesa Wangari Maathai wa Kenya, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Alipenda kusimulia hadithi ya ndege huyo anayebeba tone moja moja la maji kwenda kuuzima moto wa msitu. Hadithi yenyewe ina asili ya Amerika ya Kusini. Ni hadithi nzuri, na imewafanya watu wengi wampende ndege ambaye hawatamwona. Safu hii inamhusu yule tunayemwona kila asubuhi na kumpita.

Je, wajua ni chozi gani anayepatikana kandokando ya Ziwa Viktoria na karibu hapo tu? Jina lake la kitaalamu ni Cinnyris erythrocercus. Dume ana kichwa na mgongo wa kijani kinachong'aa, mstari wa buluu kifuani, chini yake kidari chekundu cha damu ya mzee, kisha tumbo jeusi na manyoya mawili ya mkia yaliyorefuka. Makazi yake ni bonde la ziwa na nchi za jirani: Uganda, magharibi mwa Kenya, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo, na kwetu Kagera. Mtu anaweza kusafiri hadi Dar es Salaam, Mbeya au Mtwara na asimwone kamwe. Wakazi wa Bukoba na Muleba wanaye uani: kwenye bustani za ufukweni, kwenye mafunjo na kwenye vibanja, yaani mashamba ya migomba, vinavyoteremka kuelekea ziwani.

Hayuko peke yake. Yupo chozi mkubwa mwenye mwili mweusi wa kahawia na kidari chekundu kinachowaka, apendaye kukaa kileleni mwa mti akilalama. Yupo wa rangi ya shaba anayependa vichaka vya rweya, yaani nyika ya majani. Yupo mdogo wa kijani na njano mwenye utepe mwembamba wa zambarau shingoni, uzito wake gramu 7 hivi. Kaskazini zaidi, katika Msitu wa Minziro wilayani Missenyi, wapo chozi wa misitu ya Kongo. Familia nzima ina aina zipatazo 145, zilizotapakaa Afrika, Arabuni, Asia ya kusini na kufika Australia.

Majike? Wengi wao ni wa kijivu au kahawia, na ndiyo maana watu hudhani ni ndege wa aina nyingine kabisa.

Je, wajua kwamba chozi hula akiwa amekaa? Hapa ndipo anapoachana waziwazi na kolibri. Kolibri husimama hewani mbele ya ua, mabawa yakichora namba nane iliyolala, na aina ndogo huyapiga hadi mara 80 kwa sekunde moja. Moyo wake unaweza kudunda mara zaidi ya 1,000 kwa dakika. Ni kazi ghali mno. Chozi hushika tawi, hupinda shingo, hata huning'inia kichwa chini, kisha huchovya. Anaweza kuelea hewani kwa muda mfupi ua likiwa halina pa kushika, lakini hana sababu ya kupoteza nguvu pale penye kiti.

Na mimea ya Afrika imemwekea viti. Tazama maua yanayofuatwa na chozi: mshubiri una bua gumu la kusimamia, mwambangoma una matawi manene chini ya maua yake mekundu. Kule Afrika Kusini kuna mmea uitwao Babiana ringens unaootesha kijiti kisicho na ua wala jani, kazi yake kumpa chozi mahali pa kusimama. Watafiti walikiondoa kijiti hicho na wakaona mbegu zinapungua. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2005.

Sasa geuza mambo. Mtumbaku pori wa Amerika ya Kusini, Nicotiana glauca, umezoea kuhudumiwa na kolibri, hivyo maua yake yananing'inia wazi bila kiti. Ulipovamia Afrika Kusini, chozi waliufuata na wakaanza kuelea hewani mbele yake, tena kwa muda mrefu kuliko ilivyodhaniwa wanaweza. Mezani pakiwa na kitu, chozi hujifunza.

Je, wajua kwamba ulimi wa chozi ni mrefu kuliko mdomo wake anapoutoa, na kwamba kingo zake zimejikunja zikafanya mrija? Ncha yake imegawanyika. Huuchomoa na kuurudisha ndani haraka haraka, na katika sekunde chache ua limekauka. Kolibri naye ana ulimi uliogawanyika mara mbili, wenye mifereji. Kwa zaidi ya miaka 150 wataalamu waliamini kwamba mbochi hupanda katika mifereji hiyo yenyewe, kama mafuta yanavyopanda katika utambi. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba sivyo: ncha za ulimi hufunguka zikiwa ndani ya mbochi, kisha hujifunga na kuunasa unapotoka.

Mbochi ndio huo ambao wengine huuita nekta: maji ya sukari yanayotengenezwa na ua. Una ukali gani? Maua yanayowategemea chozi hasa huwa na sukari ya asilimia 15 hadi 25. Maua yanayopokea ndege wa kila aina, akina shore na kuzi, huwa na mbochi mwingi lakini mwepesi, asilimia 8 hadi 12 tu.

Wateja hao wanatofautiana hata ndani ya tumbo. Kuzi na ndege wa ukoo wao hawana kimeng'enya cha kuivunja sukari ya kawaida, ile tunayotia kwenye chai. Wakiinywa nyingi, huwaharisha. Chozi anacho, na kolibri anacho. Chozi hunyonya zaidi ya asilimia 99 ya sukari yote anayoimeza. Sijui kama kuna kiwanda kinachotumia malighafi yake kwa ukamilifu huo.

Je, wajua kwamba mababu wa ndege wote walipoteza uwezo wa kuonja utamu? Kipokezi kinachotuwezesha sisi kuonja sukari hakimo katika ndege. Basi kolibri anajuaje kwamba hili ni tamu? Mwaka 2014 Maude Baldwin na wenzake walichapisha jibu: kipokezi kingine, kile kinachoonja ladha ya nyama kwenye supu, kimegeuzwa kazi katika kolibri kikawa kinatambua sukari. Mwaka 2021 ikaonekana kwamba ndege waimbao, kundi la chozi, walifika mahali hapo hapo kwa njia yao wenyewe.

Je, wajua maji yote hayo huenda wapi? Mbochi mwepesi humlazimu ndege kunywa sana. Kiasi cha siku moja kinaweza kuzidi uzito wa mwili wake. Binadamu angekunywa hivyo, figo zingezidiwa. Katika chozi wa Palestina, watafiti waligundua mwaka 2003 kwamba kadiri anavyokunywa zaidi ndivyo utumbo wake unavyoacha maji mengi yapite moja kwa moja bila kuingia mwilini. Sukari inabaki, maji yanaendelea na safari. Bukoba, panaponyesha milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka na mvua huingia katika maua yaliyo wazi, ndege anayeweza kunywa kilichozimuliwa ana heri.

 

Je, wajua kwamba chozi hupiga hesabu? Mwaka 1975 Frank Gill na Larry Wolf walichapisha utafiti waliofanya Kenya juu ya chozi mwenye mabawa ya dhahabu. Walimfuatilia akilinda maua ya Leonotis, mmea mrefu wenye maua ya rangi ya chungwa yanayozunguka shina mafungu mafungu. Utauona pia kandokando ya njia na kwenye mashamba yaliyolazwa huku Kagera. Maeneo waliyolinda chozi hao yalitofautiana mno kwa ukubwa, mengine madogo kama chumba, mengine makubwa kupita kiasi. Ila walipohesabu maua, kila eneo lilikaribia kuwa na maua 1,600. Ndege hakuwa analinda ardhi. Alikuwa analinda posho ya siku moja.

Na hesabu ilikwenda mbali zaidi. Ua likiwa na mbochi kidogo sana, chozi alihitaji saa 8 za kutafuta chakula ili siku iishe salama. Ua likiwa na mara mbili ya hapo, saa 4 zilitosha, na muda uliobaki akapumzika. Kumfukuza mwenzake hewani kuligharimu nguvu mara tatu ya ile ya kutafuta chakula. Kwa hiyo pale ambapo maua yamejaa kila mahali, hakupigana. Pale ambapo yamekauka kila mahali, hakupigana pia. Ugomvi ulikuwapo tu palipokuwa na faida ya kutosha kulipia ugomvi. Nimeusoma utafiti huo mara nyingi, na kila mara unaniongezea heshima kwa kiumbe mwenye ubongo mdogo namna hiyo.

Usiku je? Kolibri wa milimani huzima karibu kila kitu. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kolibri wa Andes, nchini Peru, ambaye joto la mwili wake lilishuka usiku hadi nyuzi 3 hivi za Selsiasi, kisha asubuhi akajipasha na kuruka. Chozi wa nyanda za juu nao hupunguza joto lao usiku, ingawa si kwa kiasi hicho. Kando ya ziwa, ambako usiku si baridi kali, chozi hana haja ya kufika huko.

Je, wajua kwamba sukari peke yake ingemuua chozi? Mbochi ni nguvu tu. Hauna protini ya kujengea msuli, unyoya wala yai. Kwa hiyo chozi ni mwindaji. Hupekua chini ya majani, hudaka vidukari na viwavi wadogo, huruka kumnasa mbu hewani, na anapenda sana buibui. Yule mdogo wa kijani na njano mwenye utepe shingoni hula wadudu kuliko mbochi, na huongezea tunda dogo akilipata.

Mtu wa Bukoba hahitaji kushawishiwa kuhusu thamani ya mdudu. Mwezi wa Novemba senene wanaposhuka, mji mzima hauna habari nyingine, na anayepokea furushi la senene waliokaangwa anajua amepewa kitu kilicho na mafuta na protini. Chozi ana senene wake mwaka mzima, ila wa kwake ni wadogo kwa kipimo cha mdomo wake.

Makinda wa chozi hulishwa wadudu na buibui tangu siku ya kwanza. Mama hawezi kuwalea kwa sukari. Ukimwona jike anaingia na kutoka kwenye mbuni au kwenye kichaka kimoja tangu asubuhi, na mdomoni ana kitu chenye miguu, kuna kiota karibu.

Kiota chenyewe ni kifuko kirefu kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi, chenye mlango ubavuni na mara nyingi kibaraza kidogo juu ya mlango cha kuzuia mvua. Kimeshonwa kwa utando wa buibui. Hivyo buibui humpa chozi chakula na uzi pia. Kando ya Ziwa Viktoria buibui hawakosekani: yale mawingu ya visubi yanayoinuka ziwani na kusukumwa nchi kavu na upepo hunaswa kwa wingi katika tando za ufukweni, buibui wananenepa, na chozi anavuna juu yao. Samaki wanawala visubi hao hao wakiwa funza majini. Ziwa linalisha pande mbili.

Sasa tuingie kibanjani, maana hapa ndipo mambo ya chozi yanapogusana na ya mkulima.

Je, wajua kwamba mgomba unamlisha chozi bure? Mkungu unapotoka, maua ya kwanza ni ya kike, yale yatakayokuwa chane. Baada ya chane ya mwisho linabaki ua dume, lile pumba la zambarau linaloning'inia. Kila siku ganda moja au mawili hujikunja na chini yake huonekana safu ya maua membamba yaliyojaa mbochi. Chozi hushika ganda kwa miguu, kichwa chini, na kunywa ua moja baada ya jingine. Nyuki huja, popo huja usiku. Lakini ndizi za Bukoba hazihitaji chavua ili zikue. Hujaza nyama bila kuchavushwa, ndiyo maana hatuzikuti na mbegu. Mgomba unaendelea kutoa mbochi kwa desturi ya mababu zake, migomba mwitu ya Asia.

Mababu hao walikuwa na miadi ya kweli. Katika kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia, wataalamu walielezea mwaka 1991 migomba mwitu miwili. Mmoja una ua linaloning'inia, unahudumiwa na popo. Mwingine, Musa salaccensis, una ua lililosimama wima, na anayeuchavusha ni ndege wa familia ya chozi. Kumbe urafiki wa chozi na mgomba una umri mkubwa kuliko kibanja chochote cha Kagera.

Na urafiki huo una hatari yake. Mwaka 2006 mnyauko bakteria wa migomba uliripotiwa kwa mara ya kwanza Tanzania, na mahali penyewe palikuwa wilaya ya Muleba. Ugonjwa huo ulielezwa kwanza Ethiopia miaka ya 1960. Ulionekana Uganda na Kongo mwaka 2001. Majani hunyauka na kugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani zikawa na rangi ya kutu, ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Kwa watu ambao mlo wao ni ebitoke, yaani ndizi za kupika, na ambao kibanja ndicho walichoachiwa na babu, huo ulikuwa msiba ulioingia kila nyumba.

Je, wajua njia zake za kuenea? Kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kisu na panga linalotoka mgomba mgonjwa kwenda mzima, pamoja na machipukizi yanayohamishwa kutoka shamba hadi shamba. Ya pili ni ua dume. Ganda na maua yanapodondoka huacha kidonda kibichi, na katika mgomba mgonjwa kidonda hicho hutoa bakteria. Nyuki na wadudu wengine hupita hapo, wanajipaka, na wanakwenda na uchafu huo kwenye kidonda kibichi cha mgomba wa jirani. Ndege na popo wanaofuata mbochi nao wametajwa na watafiti miongoni mwa wabebaji. Chozi anaingia hapo. Tofauti ni kwamba nyuki ni maelfu, chozi ni wachache.

Dawa ya kunyunyiza haipo. Kinga inayofanya kazi ni rahisi na haimgharimu mkulima shilingi: mara chane ya mwisho inapojitokeza, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda. Si kwa kisu, kwa sababu kisu ndicho kinachobeba ugonjwa. Kijiti kinazungusha na kukwanyua bila kugusa utomvu wa mgomba mwingine. Na kisu cha kazi nyingine kichomwe motoni au kioshwe kwa jiki kabla ya kuhamia shina jipya. Faida nyingine: mkungu huongezeka unene kidogo, kwa kuwa chakula kilichokuwa kinakwenda kwenye ua sasa kinakwenda kwenye ndizi.

Nataka niseme hili bila kuuma maneno. Vunja ua dume. Kumpenda ndege si sababu ya kuliacha, na kuogopa ugonjwa si sababu ya kuwatupia chozi mawe, kama nilivyowahi kuona vijana wakifanya. Ukiondoa ua, umeondoa sababu ya nyuki, popo na chozi kugusa kidonda, kwa mara moja. Kisha mrudishie ndege meza yake mahali pengine, na mahali hapo ni ua wa mimea unaozunguka nyumba.

Je, wajua mimea gani inamfaa? Mshubiri hauhitaji matunzo. Hibiskasi ya uani humpa mbochi hata wakati wa kiangazi. Kana, ile yenye majani yanayofanana na ya mgomba, hutoa maua mekundu na manjano karibu mwaka mzima panapo unyevu. Leonotis huota wenyewe, usiufyeke wote. Mwambangoma hupukutisha majani na kuwaka maua mekundu kabla ya majani mapya kutoka, na katika siku hizo mti mmoja unaweza kubeba chozi wa aina tatu wakigombana. Mpapai dume una maua madogo yenye mbochi ambayo chozi huyatembelea, ingawa wachavushaji wake hasa ni nondo wanaoruka magharibi.

Nondo hao hao ndio huwachanganya watu. Wana mwili mnene, huelea mbele ya ua wakivuma, na wana mrija mrefu mdomoni. Anayesema ameona kolibri bustanini kwake Bukoba saa 12 jioni, mara nyingi amemwona nondo.

Kahawa? Hapana. Maua ya mbuni ni meupe, yana harufu tamu, na yamekusudiwa nyuki na upepo. Ndege hawavutwi na harufu. Wanavutwa na rangi. Maua mengi ya chozi ni mekundu au ya chungwa, na nyekundu ni rangi ambayo nyuki haioni vizuri. Chozi anayeonekana kwenye mbuni uliochanua amefuata wadudu waliofuata maua.

Je, wajua kwamba chozi ni mwizi pia? Ua la hibiskasi ni refu, na chozi mwenye mdomo mfupi hawezi kulifikia koo lake kwa mbele. Anachofanya ni kutua ubavuni, kutoboa kitako cha ua kwa ncha ya mdomo, na kunyonya kupitia tundu. Anapata sukari yote bila kugusa chavua. Ua limelipa, huduma haikutolewa. Chunguza hibiskasi uani: ukikuta tundu dogo au mpasuko chini kabisa, karibu na kikonyo, amepita.

Kuna ua lingine lisiloibiwa kirahisi. Kirukia, ule mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine na kunyonya maji yake, una maua yaliyofungwa yenye mkazo ndani. Chozi akibana ncha ya ua lililokomaa au akiingiza mdomo kwenye mpasuko wake, ua hufyatuka ghafla na kumrushia chavua usoni. Anakunywa, anafuta mdomo kwenye tawi, anaenda kwenye kirukia kingine akiwa na paji la uso la manjano.  Wakulima wanauchukia kirukia kwa sababu unadhoofisha mparachichi na mwembe, na wana haki ya kuupogoa. Ila ule ulio juu ya mti wa porini una wateja wake.

Je, wajua kwamba unaweza kumwekea chozi kinywaji kama wanavyofanya Wamarekani kwa kolibri? Kipimo chao ni sehemu moja ya sukari nyeupe kwa sehemu nne za maji, ambacho kinakaribia sana ukali wa mbochi wa maua ya ndege. Chemsha maji, yeyusha sukari, acha ipoe. Usitie asali, kwa kuwa ikichanganywa na maji huota ukungu na vijidudu haraka. Usitie rangi; kitambaa chekundu au mfuniko mwekundu wa chupa unatosha kumwita. Weka kijiti cha kusimamia, maana mgeni huyu hula akiwa amekaa. Ning'iniza kivulini, mbali na paka. Badilisha kinywaji kila siku mbili na osha chupa kwa maji ya moto, kwa sababu katika joto na unyevu wa kandokando ya ziwa sukari huchacha upesi.

Lakini chupa haina buibui. Ndege anayelea makinda atakunywa kwako kisha ataondoka kwenda kutafuta wadudu mahali ambapo majani hayajanyunyiziwa sumu.